Mfalme Wamba alinyolewa akiwa mahututi, akaamka hana ufalme. Alipinduliwa au alijiuzulu?

#1 Mtunza_Shajara

Wakuu, salaam.

Kuna mfalme mmoja wa Wavisigothi, tawi la Wagothi, ananikosesha usingizi wiki ya pili sasa. Anaitwa Wamba. Ndiyo, Wamba, kama tunavyowamba ngoma. Alitawala Hispania, makao yake Toledo, kuanzia 672 hadi 680.

Kisa chenyewe ni hiki. Jumapili ya tarehe 14 Oktoba 680, saa moja usiku, mfalme amelala hajiwezi. (Orodha ya wafalme wao imeandika hivyo hivyo, saa ya kwanza ya usiku. Warumi walihesabu saa kama sisi Waswahili, jua likizama unaanza moja.) Wakampa kitubio cha mtu anayekata roho: kichwa kikanyolewa, akavikwa vazi la mtawa. Kwao hilo lilikuwa jambo jema, mtu afe akiwa safi mbele ya Mungu.

Sasa Wamba hakufa. Akafumbua macho. Lakini sheria ya nchi ilikuwa imeshasema kwamba aliyenyolewa kitawa hawezi kuwa mfalme. Jumatatu, tarehe 15, bwana mkubwa mmoja wa ikulu aitwaye Erwig akashika fimbo ya enzi. Jumapili iliyofuata, tarehe 21, Askofu Julian wa Toledo akampaka mafuta. Wamba akapelekwa monasteri ya Pampliega, na huko akaishi miaka kadhaa akiwa mzima.

Hakuna aliyechomwa kisu. Ni wembe tu. Nauliza kwa dhati: huyu mzee alifanyiwa njama, au aliugua kweli na mambo yakaenda yenyewe?

#2 Chemchemi

Hao si ndio Waviking wa Norway?

#3 Kombo la Historia

#2 hapana ndugu, hao ni karne za mbele na ni watu wengine. Wagothi walivuka mto Danube mwaka 376 wakiwakimbia Wahun (Huns), miaka miwili baadaye wakampiga Kaisari Valens pale Adrianople, na mwaka 410 wakiwa na Alaric wakaingia Roma na kuipora. Kisha wakapewa ardhi kusini mwa Ufaransa ya leo. Mwaka 507 Wafaranki wakawashinda Vouillé, wakabaki na Hispania na kipande cha pwani kule Narbonne. Mwaka 589, chini ya Mfalme Reccared, wakaacha Uario (imani isiyomkubali Kristo kuwa sawa na Mungu Baba) na kuwa Wakatoliki. Wamba anakuja miaka 83 baada ya hapo. Kwa hiyo unamkuta mfalme ambaye kiti chake kinashikiliwa na maaskofu kuliko wafalme wote waliomtangulia.

#4 Sauti ya Kisangani

Mimi jina ndilo limenivuta. Kwetu Congo kuna mji wa Wamba, Haut-Uélé, una jimbo lake la Kikatoliki. Kuna na marehemu Profesa Wamba dia Wamba, mwalimu wa historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekuja kuongoza kundi la waasi wa RCD mwaka 1998. Leo naambiwa kuna na Wamba mwenye taji!

#5 Mpenda Ramani

#4 na Wamba ya Samburu, Kenya, usiisahau. Ila wakuu tusije tukaanza kudai undugu. Majina yamegongana tu, la huyu mfalme ni la Kigothi.

#6 Mwanafunzi_Valladolid

Nimesoma nikashtuka, maana Wamba iko jirani na ninapoishi. Ni kijiji kidogo mkoa wa Valladolid, wenyeji wanajivunia kwamba ndiyo manispaa pekee ya Hispania inayoanza na herufi W. Zamani paliitwa Gérticos. Mfalme Recceswinth alikufa pale tarehe 1 Septemba 672, na wakubwa waliokuwa naye wakamchagua Wamba siku hiyo hiyo. Jina la mfalme likameza jina la kijiji.

Nilikwenda na wenzangu wa darasani mwezi wa tatu. Kanisa la Santa María lina chumba cha mifupa. Unaingia, baridi inakupanda miguuni, ukuta mzima ni mafuvu na mifupa ya mapaja imepangwa kama kuni za msimu wa mvua. Si watu wa enzi za Wamba, ni wa karne za baadaye. Mwenzetu mmoja alitoka nje akakaa kwenye ngazi, hakurudi ndani. Mimi nilibaki nikiangalia jinsi mafuvu yalivyolainika pale ambapo watu wamekuwa wakiyagusa.

#7 Mtunza_Shajara

#6 ahsante sana, hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Niongeze la Gérticos. Askofu Julian aliandika historia ya mwanzo wa utawala wa Wamba, na anasimulia kwamba Wamba alikataa. Alilia, akasema amezeeka, hauwezi mzigo huo. Ndipo mmoja wa makamanda akasimama mbele yake kana kwamba anasema kwa niaba ya wote: ukubali, au utaonja upanga sasa hivi. Akakubali. Hata hivyo akagoma kupakwa mafuta palepale, akataka afike Toledo kwanza, mji wenye kiti, asije akaonekana amekidandia.

Ndiyo maana linaniuma. Mtu aliyepewa ufalme kwa upanga akaja kunyang'anywa kwa wembe.

#8 Babu Chwaka

Akapakwa mafuta siku ileile alipofika?

#9 Kombo la Historia

#8 Jumapili tarehe 19 Septemba 672, siku 18 baada ya kuchaguliwa, kwa mkono wa Askofu Quiricus. Na Wamba ndiye mfalme wa kwanza wa Wavisigothi ambaye kupakwa kwake mafuta kumeandikwa waziwazi. Julian anasema mvuke ulipanda kutoka kichwani pale mafuta yalipomwagwa, ukasimama kama nguzo, na nyuki akaruka kutoka kichwani humo. Wakaitafsiri kuwa dalili ya baraka.

Kichwa kile kile, wakuu. Miaka minane baadaye kikanyolewa.

#10 Kipepeo wa Muheza

Mimi sihitaji kusoma zaidi. Erwig alimlisha kitu. Nani anafaidika? Erwig. Nani anakaa kwenye kiti kesho yake? Erwig. Nimesoma mahali kwamba alimnywesha mmea akapoteza fahamu. Mtu hapokonywi ufalme kwa bahati mbaya.

#11 Kombo la Historia

#10 hadithi ya kinywaji inatoka kwenye Kumbukumbu za Alfonso III, mfalme wa Asturias, ufalme wa Kikristo kaskazini mwa Hispania. Zile ziliandikwa mwishoni mwa karne ya 9. Hesabu, ni miaka 200 baada ya tukio! Zinasema Erwig alimpa mmea uitwao spartum, kumbukumbu zikamtoka, na askofu pamoja na wakubwa wasiojua njama wakampa kitubio kwa huruma. Zinasema pia kwamba baba wa Erwig, Ardabast, alikuwa mtu aliyefukuzwa kutoka kwa Wabizanti, Warumi wa mashariki. Waandishi wa Asturias walikuwa wanatafuta dhambi iliyosababisha ufalme wa Toledo kuanguka mbele ya Waislamu mwaka 711. Kwao Erwig alifaa kubebeshwa.

Sisemi hakufanya. Nasema shahidi wetu alizaliwa karne mbili baadaye.

#12 Kipepeo wa Muheza

#11 na hao walioishi siku zile walikuwa chini ya Erwig. Ulitaka waandike nini?

#13 Kombo la Historia

#12 hapo umenishika.

#14 Nesi_Mstaafu

Nimekaa wodini miaka 31, nikiwa zamu ya usiku muda mwingi. Naomba niseme kidogo.

Mtu kuzima na kuamka si muujiza. Sukari ikishuka, mgonjwa anakuwa kama maiti, na ukimpa glukosi anakuuliza viatu vyake viko wapi. Malaria ikipanda kichwani, degedege, homa kali, yote nimeyaona. Nimewahi kuona familia imeshamwita shehe, Yasini inasomwa, na alfajiri mama kaomba uji. Kwa hiyo Wamba kuzimia jioni na kuzinduka si lazima iwe sumu.

Kuhusu mmea. Spartum kwa Kilatini ni jamii ya nyasi za kusukia kamba na vikapu, wenyewe Wahispania wanaita esparto. Hizo hazilevyi mtu, ni kama useme amenyweshwa ukindu. Ila kuna kichaka cha maua ya njano, Spartium junceum, majina yanafanana, na hicho kina kemikali ya saitisini ambayo ni sumu kweli: kutapika, kizunguzungu, moyo kwenda mbio, kipimo kikizidi mtu anazima. Kama kuna ukweli kwenye simulizi, mimi ningemshuku huyo.

#15 Chemchemi

#14 mama heshima yako. Mimi nilishaanza kuogopa mkeka wangu.

#16 Wakili wa Kata

Niingie kwenye nyaraka, maana ndiko kazi yangu ilipo.

Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa 12 wa Toledo ulifunguliwa tarehe 9 Januari 681, hata miezi mitatu haijaisha. Maaskofu wakaletewa karatasi tatu. Ya kwanza, wakubwa wa ikulu wanashuhudia kwamba mbele ya macho yao Wamba alipokea vazi la dini na kunyolewa. Ya pili, Wamba mwenyewe anamtaja Erwig awe mfalme baada yake. Ya tatu, Wamba anamwagiza Julian ampake Erwig mafuta bila kuchelewa. Maaskofu wakasema tumeziona, tumeridhika, watu wote wamefunguliwa kiapo chao kwa Wamba.

Mimi mteja wangu akiniletea karatasi tatu zinazozibana pande zote namna hiyo, naanza kutoa jasho. Haki iliyo wazi haihitaji kufungwa kamba mara tatu.

Halafu kuna kanuni ya pili ya mtaguso huohuo. Inasema aliyepokea kitubio akiwa hana fahamu hawezi baadaye kulitupa vazi eti hakuomba. Wakatoa mfano wa mtoto anayebatizwa hajui lolote, na ubatizo unashika. Lakini papo hapo wanawakemea mapadri wanaompa kitubio mtu asiyeomba. Yaani walijua kosa liko wapi. Wakalikataza kwa kesho na kulihalalisha kwa jana.

#17 Kombo la Historia

Nakazia #16. Ile sheria iliyomfunga ilikuwepo tangu Mtaguso wa 6, mwaka 638, kanuni ya 17: aliyenyolewa chini ya vazi la dini asishike ufalme. Na haikukaa kwenye vitabu tu. Mwaka 642 mzee Chindaswinth alimtoa kijana Tulga kitini kwa njia hiyohiyo, akamnyoa. Mwandishi wa Kifaranki anayejulikana kwa jina la Fredegar anayataja hayo, na tabia ya Wagothi ya kuwaangusha wafalme wao anaiita ugonjwa wa Wagothi.

Kwa hiyo kila mtu mle ikulu alijua wembe unafanya kazi gani.

#18 Kipepeo wa Muheza

Wakili #16 umenifanya niandike jambo ambalo sikutaka kuliandika.

Baba yangu mkubwa aliugua kiharusi, akalazwa, siku nne hatambui mtu. Ndugu mmoja wa ukoo, simtaji, akaja wodini na karatasi na kidau cha wino. Sisi tumetoka kwenda kununua chai. Tuliporudi tukakuta kidole gumba cha mzee ni cheusi. Tukadhani ni dawa. Shangazi akakisugua kwa limau siku tatu hakijatoka.

Mzee akapona, akarudi nyumbani kwa fimbo. Shamba la minazi, ekari tatu, mpaka mpya umepandwa michongoma, na karatasi inasema kaliuza mwenyewe akiwa na akili timamu. Mashahidi wawili. Kwenye baraza tukaulizwa: hiki si kidole chake? Ni chake.

Ndiyo maana naposikia "Wamba alisaini mwenyewe" mwili unanisisimka.

#19 Nesi_Mstaafu

#18 pole sana mwanangu. Na shamba je?

#20 Kipepeo wa Muheza

#19 kesi ipo, mama. Mzee alifariki haijaisha.

#21 Mtunza_Shajara

#18 pole ndugu. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee. Nimesoma mara mbili.

#22 Mwinyi wa Matrah

Poleni. Nirudi kwenye mada.

Mbona hamumwangalii Julian? Amekuwa askofu wa Toledo Januari 680, Wamba anaanguka Oktoba 680. Mtaguso wa mwaka uliofuata, kanuni ya 6, unampa askofu wa Toledo idhini ya kuwaweka maaskofu wa ufalme mzima, popote mfalme atakapomteua mtu. Zawadi kubwa hiyo. Tena Wamba alikuwa amewaudhi kwa kuanzisha uaskofu mahali pasipostahili, hadi kwenye kitongoji cha Toledo yenyewe, mlangoni pa Julian. Mtaguso ukaufuta.

#23 Kombo la Historia

Hoja nzito, ila ina mwiba. Julian huyohuyo ndiye aliyeandika kitabu cha kumsifu Wamba, chenye nyuki na mvuke! Alimpenda akamgeuka? Au aliandika kwa kuwa ndiyo kazi ya msomi wa ikulu? Kanisa linamheshimu kama mtakatifu, na mimi siwezi kumhukumu kwa faida aliyoipata tu.

#24 Mwinyi wa Matrah

#23 hata mimi sihukumu. Nasema huenda alikuwa chumbani, na ndiye aliyejua kila neno la kanuni.

#25 Dereva wa Kusini

Habari za usiku. Naendesha malori huku kusini mwa Ufaransa, na Nîmes napita kila wiki. Mnaongea Wamba bila kumtaja Paulo?

Wamba hajamaliza mwaka kitini, Hilderic mtawala wa Nîmes akaasi. Wamba yuko kaskazini anapigana na Wabaski, akamtuma jemadari wake Paulo akazime moto. Paulo kufika Narbonne, na yeye akaasi, akajitawaza. Taji alilovaa ni la dhahabu ambalo Reccared alilitoa sadaka kwenye kaburi la Mtakatifu Felix kule Girona. Akamwandikia Wamba barua, yeye akijiita mfalme wa mashariki na Wamba akimwita mfalme wa kusini.

Wamba akawamaliza Wabaski kwa siku saba, akageuka. Barcelona, Girona, akavuka milima ya Pyrenees jeshi limegawanywa mikondo mitatu, Narbonne, Béziers, hadi Nîmes. Paulo akajifungia ndani ya uwanja wa Kirumi. Uwanja huo upo mpaka leo! Nikiegesha lori mapema natembea hadi pale. Mawe yamekuwa meusi upande wa juu, safu mbili za matao, moja juu ya nyingine, na ukisimama chini ya tao upepo unakupuliza kama uko mdomoni mwa pango. Wavisigothi waliugeuza ngome. Siku hizi ni matamasha na mapigano ya mafahali.

Paulo alivua mavazi ya kifalme tarehe 1 Septemba 673. Julian anaikazia tarehe hiyo: mwaka kamili tangu Wamba achaguliwe.

#26 Babu Chwaka

Wakamuua?

#27 Dereva wa Kusini

#26 hapana mzee. Askofu Argebad wa Narbonne alitoka akamlilia Wamba, na Wamba akamkubalia kwamba hatawaua. Akawapeleka Toledo. Kama maili nne kabla ya mji wakapandishwa juu ya ngamia, vichwa vimenyolewa, ndevu zimenyolewa, miguu peku, nguo chakavu. Paulo mbele, kichwani kavikwa taji la ngozi nyeusi. Watu wamejipanga pande mbili za njia wanaangalia.

#28 Mpenda Ramani

Subiri kidogo. Wamba ndiye aliyemnyoa Paulo mwaka 673, na mwaka 680 akanyolewa yeye? Waswahili tunasema ukiona mwenzio ananyolewa, wewe tia maji. Hapa mnyoaji ndiye aliyepaswa kutia maji!

#29 Mtunza_Shajara

#28 sikuwa nimeliona hilo hata kidogo. Umenipa kitu.

Ila tutofautishe. Paulo alinyolewa kwa adhabu, decalvatio kwa Kilatini, na wapo wataalamu wanaobishana kama wakati mwingine ilikuwa kunyoa au kuchuna ngozi ya kichwa kabisa. Wamba alinyolewa kwa ibada. Paulo kwa aibu, Wamba kwa heshima. Matokeo ya kisheria ndiyo yaliyokuwa yaleyale.

#30 Sauti ya Kisangani

Ngamia Hispania walitoka wapi? Mwinyi, ni wenu hao?

#31 Mwinyi wa Matrah

#30 hahaha, si wetu. Warumi walishawatumia ngamia zamani, na Afrika Kaskazini iko karibu pale.

Ila la Waarabu lipo. Zile Kumbukumbu za Alfonso III zinasema meli 270 za Wasaraseni, yaani Waislamu, zilishambulia pwani ya Hispania zama za Wamba, zikachomwa zote. Wataalamu wengi wanalitilia shaka. Mwaka 680 Waislamu ndio kwanza wana miaka kumi tangu jemadari wao Uqba ibn Nafi aanzishe mji wa Kairouan, Tunisia ya leo, na Carthage bado iko mikononi mwa Wabizanti hadi miaka ya 690. Mimi naona mwandishi wa Asturias aliitazama 711 akairudisha nyuma.

#32 Chemchemi

Kumbe Wamba ndiye wa mwisho, aliyeshindwa na Tariq, jemadari wa Waislamu?

#33 Kombo la Historia

#32 hapana, huyo ni Roderic, mwaka 711. Baada ya Wamba kuna Erwig, Egica, Wittiza, ndipo Roderic.

Na niseme ninachokiamini mimi. Chanzo ni sheria ya jeshi. Tarehe 1 Novemba 673, mara tu baada ya Paulo, Wamba aliamuru kwamba adui akishambulia, kila aliye ndani ya maili 100 aende kupigana, maaskofu na mapadri wakiwemo. Asiyekwenda anapoteza haki ya kutoa ushahidi, na wengine mali zao au uhuru wao. Mtu asiye na haki ya ushahidi hana kauli mahakamani. Erwig alipoingia aliwaambia maaskofu kwamba karibu nusu ya watu wamekuwa hivyo, akaomba warudishiwe heshima, wakarudishiwa.

Angalia basi nani amekasirika: maaskofu, na mabwana wenye watumwa na mashamba ambao hawataki kutoa watu. Sumu ya nini? Mzee anaugua, wote wanaangaliana, na hakuna hata mmoja anayesema ngojeni kwanza.

#34 Wakili wa Kata

#33 "hakuna hata mmoja anayesema ngojeni kwanza." Hilo nalikubali kuliko yote. Ila usimsafishe Erwig, maana yeye naye alitunga sheria ya jeshi, kila bwana aje vitani na sehemu ya kumi ya watumwa wake wakiwa na silaha. Hakuifuta ya Wamba, aliilainisha.

#35 Babu Chwaka

Wanangu, mimi nina miaka 74. Mnazungumza kana kwamba kila mtu anautaka ufalme.

Huyu alikataa tangu mwanzo. Alisema amezeeka, na hiyo ni 672. Ongeza vita, ongeza miaka minane. Anafumbua macho, anagusa kichwa, hakuna nywele. Anaambiwa, baba, umeshakuwa mtawa. Mimi naona mtu anashusha pumzi. Anasaini zile karatasi, na maandishi ni yake kweli. Angetaka kupigana angepigana, aliwapiga Wabaski kwa siku saba.

Niliwahi kuwa mwenyekiti wa ushirika wa wavuvi miaka kumi na moja. Siku waliponitoa nilikwenda kulala mchana, nikalala mpaka magharibi. Sikuwahi kulala hivyo.

#36 Mtunza_Shajara

#35 mzee shikamoo. Nimeanzisha uzi nikiwa na hakika ameonewa, wewe umeniyumbisha.

Lakini kuna Egica. Erwig alimpa binti yake, Cixilo, amwoe Egica, jamaa wa Wamba. Erwig anakufa Novemba 687, Egica anakuwa mfalme. Mwezi Mei 688 anaita Mtaguso wa 15 na kuuliza: niliapa kuilinda familia ya Erwig, na niliapa kuwatendea haki watu wote, nishike kipi? Anadai Erwig alipora mali za watu isivyo haki. Kumbukumbu za Asturias zinaongeza kwamba Wamba ndiye aliyemwagiza Egica amwache Cixilo. Kama aliridhika, kwa nini chuki hii imebaki kwa jamaa zake?

#37 Babu Chwaka

#36 marahaba. Jamaa huwa na hasira kuliko mwenyewe. Waulize watoto wangu.

#38 Kipepeo wa Muheza

#35 mzee nakuheshimu, ila uliondolewa kwa kura, mchana, macho yako yakiwa wazi. Baba mkubwa alikuwa amelala.

#39 Babu Chwaka

#38 kweli mwanangu. Hiyo ni tofauti kubwa. Nakubali.

#40 Mpenda Ramani

Kwa wapenda ramani: karne ya 12 ilitokea hati iitwayo Mgawanyo wa Wamba, inayoonyesha mipaka ya majimbo yote ya maaskofu wa Hispania, eti aliiweka yeye. Ni ya kughushi. Maaskofu waliokuwa wakigombania mipaka walihitaji mfalme wa zamani wa kuwasemea, wakamchagua yeye. Karatasi tatu zilimwondoa, na nyingine ikamfufua!

#41 Sauti ya Kisangani

Kaburi lake liko wapi? Bado Pampliega?

#42 Kombo la Historia

#41 Mfalme Alfonso X aliuhamisha mwili karne ya 13 ukapelekwa Toledo. Ukienda Hispania, usikose na taji la Recceswinth, lipo Madrid kwenye Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia. Lilichimbuliwa Guarrazar, karibu na Toledo, mwaka 1858. Halikuwa la kuvaliwa, ni sadaka ya kutundikwa kanisani, na chini yake herufi za jina lake zinaning'inia moja moja kwa vinyororo. Taji la Suinthila, mfalme mwingine wa Wavisigothi, lilikuwepo pia, likaibwa mwaka 1921, halijaonekana tena.

#43 Nesi_Mstaafu

Swali moja ambalo hakuna aliyejibu. Nani alikuwa amekaa naye jioni ile, kabla ya saa moja? Mgonjwa mahututi haachwi peke yake. Kuna mtu alishika taa, kuna mtu alileta maji ya kunyolea. Hao ndio wanaojua.

#44 Wakili wa Kata

#43 karatasi ya kwanza ina saini za wakubwa. Aliyeleta maji hakusaini.

#45 Mwanafunzi_Valladolid

Wakuu, Pampliega iko njiani ukitoka huku kwenda Burgos. Jumamosi kuna mwenzetu anakwenda huko na gari, nimemwomba nafasi. Nikifika nitawapigia picha na kuuliza wazee wa pale wanasemaje juu yake.

#46 Mtunza_Shajara

#45 nenda salama. Waulize kama wanasema alikuja kwa hiari yake au aliletwa.